Gego la mwisho limechomoza nusu na limelala: ling'olewe au liachwe?

MwanaKonde

Assalaam alaykum ndugu zangu. Naomba rai za wanaojua mambo ya kinywa.

Mgonjwa ni mdogo wangu wa kike, miaka 23. Hana kisukari, hana presha, hana selimundu, hatumii dawa yoyote ya kila siku. Gego la mwisho la chini kulia limechomoza nusu tu. Limelala kwa mbele, kichwa chake kimeegemea jino la jirani, na sehemu ya nyuma imefunikwa na kipande cha ufizi. Ufizi huo umeshavimba mara mbili mwaka huu. Mara ya kwanza ulitulia kwa kusukutua maji ya chumvi. Mara ya pili kinywa kikawa hakifunguki zaidi ya vidole viwili, akaandikiwa antibayotiki, metronidazoli, kwa siku 5. Sasa hivi hana maumivu.

Gego la juu upande huo huo limeshuka lote, na akifunga kinywa linaugonga ule ufizi wa chini. Kushoto juu limeota sawa. Kushoto chini halionekani kabisa, ufizi ni mzima.

Picha aliyonayo ni moja, ile eksirei ndogo ya kuumwa ndani ya kinywa, na ncha za mizizi zimekatika hazionekani. Daktari mmoja kasema yatoke yote manne kwa mara moja. Mwengine kasema asubiri mpaka liume tena. Na hapa nyumbani wazee wanasema gego la mwisho ndilo linalosukuma meno ya mbele yakapindana, basi litoke upesi.

Masuali yangu: yapi yatoke na yapi yabaki? Khatari ya kuharibu mshipa wa fahamu ikoje? Sisi tuko Konde, je, hili ni la kufanyika Pemba au tuvuke Unguja? Ramadhani nayo inakaribia. Na mafuta ya karafuu, maana huku kila nyumba ina chupa yake, yanasaidia au yanadhuru?

TabibuKinywa

Waalaykum salaam. Maelezo yako yametimia, kwa hiyo unaweza kupata jibu la wazi.

Kwanza, magego manne yasihukumiwe kwa pamoja. Kila jino lina kesi yake. Tunahesabu kuanzia katikati ya meno ya mbele kwenda nyuma: la mwisho ni la nane, na jirani yake ni la saba. Nitatumia majina hayo.

La nane la chini kulia litoke. Kulala kwake peke yake kusingetosha kuling'oa, ila hili limeshaugua mara mbili. Mwongozo wa Uingereza wa mwaka 2000, uliotolewa na taasisi yao ya miongozo ya tiba, NICE, unakataza kung'oa magego ya mwisho yasiyo na ugonjwa. Pamoja na ukali wake, unaruhusu kung'oa ikiwa ufizi umevimba kwa mara ya pili, au hata mara moja kama uvimbe ulikuwa mkali. Kinywa kutofunguka ni dalili ya ukali: uvimbe umefika kwenye misuli ya kutafunia. Mtu mzima hufungua kinywa takriban milimita 40, yaani vidole vyake vitatu vikisimamishwa. Vidole viwili si jambo la kulipuuza.

Sababu ya kurudi rudi ni hii. Kile kipande cha ufizi kimefanya mfuko juu ya jino. Chembe za chakula na bakteria wasiohitaji hewa hujificha humo, mswaki haufiki, na jino halina pa kupandia kwa kuwa limezuiwa na la saba. Dawa hupunguza bakteria lakini mfuko unabaki ulivyo. Kwa hiyo kozi nyengine ya metronidazoli itampa wiki chache za raha, basi. Na niseme hapa: uvimbe mdogo usio na homa, usiozuia kinywa kufunguka, tiba yake ni kuoshwa chini ya ule ufizi kwa bomba la sindano butu na maji ya chumvi safi au klorheksidini, dawa ya maji ya kuua bakteria. Vidonge vya antibayotiki ni kwa yule mwenye homa, tezi zilizovimba au kinywa kilichokaza.

Huyo aliyeshauri kungoja liume tena simuungi mkono. Ufizi ukiwa umewaka, ganzi haishiki vizuri kwa sababu nyama yenye uvimbe ina tindikali nyingi, kinywa hakifunguki vya kutosha, na damu hutoka zaidi. Wakati mzuri ni sasa, hana maumivu. Umri wake pia unamsaidia: miaka 23 mfupa bado una unyumbufu. Ukipita miaka 30 mfupa huwa mgumu, kazi huwa ndefu na kidonda huchelewa.

La nane la juu kulia nalo litoke siku hiyo hiyo. La chini likiondoka, hili la juu halitakuwa na mwenzake wa kukutana naye, litazidi kushuka, na hivi sasa linapiga ufizi uliokwisha kuumia. Mfupa wa juu ni laini, mara nyingi ni kazi ya dakika chache. Angalizo lake ni moja: mizizi iko karibu na uwazi wa pua ulio ndani ya shavu. Baada ya kung'olewa, akinywa maji yakamtokea puani, au akihisi hewa inapita kwenye tundu, arudi kwa daktari mara moja na asipenge kamasi.

La juu kushoto liachwe maadamu linapigika mswaki. La chini kushoto silisemei chochote mpaka picha ionekane.

Na hilo la meno ya mbele kupindana, waambie wazee kwa heshima kwamba ushahidi hauliungi mkono. Meno ya mbele ya chini husongamana kadiri umri unavyokwenda hata kwa watu ambao hawakuota magego ya mwisho kabisa. Kwa sababu hiyo peke yake jino lisitolewe.

Kazi yenyewe ilivyo, ili asiingie na khofu. Anachomwa ganzi sehemu ya nyuma ya taya, karibu na pale mshipa unapoingilia mfupa, na nyengine pembeni ya ufizi. Kichupa cha mililita 1.8 cha dawa ya ganzi, lidokeini asilimia 2 yenye adrenalini kina miligramu 36 za lidokeini, na vichupa viwili au vitatu hutosha. Mdomo wa chini ukifa ganzi mpaka katikati ya kidevu ndipo daktari aanze. Kama kidevu bado kinahisi, aseme. Kisha ufizi unapasuliwa na kuvutwa nyuma, mfupa unaofunika jino unachongwa kidogo huku maji ya chumvi safi yakimiminwa, kwa sababu mfupa ukipata joto la nyuzi 47 kwa dakika moja hufa. Jino lililolala halivutwi zima: linakatwa shingoni, kichwa kinatoka kwanza, halafu mizizi inasukumwa kwenye nafasi iliyobaki. Mwisho tundu linaoshwa na kushonwa uzi mmoja hadi nyuzi tatu. Atasikia msukumo na kelele za mashine. Maumivu makali asiyasikie, na akiyasikia ainue mkono aongezewe ganzi.

Muulizeni mapema daktari kama ana mashine ya kuchonga mfupa isiyopuliza hewa kwenye kidonda. Ile ya kuzibia meno ya kawaida hupuliza hewa mbele, na hewa hiyo huweza kuingia chini ya ngozi mpaka shavu na shingo vikavimba ghafla. Ni suali halali, wala halimkeri daktari anayejua kazi yake.

MpigaEksirei

Naongeza upande wa picha tu, kwa sababu hapo ndipo suali la mshipa linapojibiwa.

Ile picha ndogo haitoshi. Filamu yake ina upana wa sentimita 3 kwa 4 hivi, na kwa jino la nane ni shida kuisukuma nyuma bila mgonjwa kutaka kutapika, ndiyo maana ncha zimekatika. Kinachotakiwa ni picha ya taya zima. Mgonjwa anasimama, anauma kijiti, na mashine inamzunguka kichwa kwa sekunde kama 15 bila yeye kutikisika. Mwambie siku hiyo avae mtandio usiokuwa na pini, avue heleni, kipini na mkufu. Chuma chochote hapo huacha kivuli juu ya taya, na picha hurudiwa bure.

Ndani ya mfupa wa taya la chini kuna mfereji, na humo unapita mshipa unaotia hisia mdomo wa chini, kidevu na meno. Kwenye picha mfereji huo ni mistari miwili myeupe inayokwenda sambamba. Mizizi kupita juu ya mistari hiyo si khatari kwa dhati yake, kwani picha ni bapa na haionyeshi nani yuko mbele na nani nyuma. Dalili za kutia wasiwasi ni tatu: mzizi unageuka mweusi pale unapokutana na mfereji, mstari mweupe wa juu unakatika, au mfereji wenyewe unapinda njia au kubanwa mwembamba. Ikionekana mojawapo, muombe daktari aandike eksirei ya pande tatu kabla ya kugusa jino. Zote tatu zikikosekana, hiyo ya pili ni gharama isiyo na faida.

Picha hiyo hiyo itazamwe na mambo mengine mawili ambayo watu huyapita. Mgongo wa la saba, pale la nane linapoegemea: kuna kivuli cheusi cha kuoza? Mfupa baina yao umeshuka? Na lile lililozama kushoto, lizungukwe na macho: kila jino lililozama lina mstari mweusi mwembamba kukizunguka kichwa chake. Mstari huo ukipanuka kufika milimita 5, inashukiwa kwamba kifuko cha maji kimeanza kukua mfupani.

Kwa hapo Pemba, kabla hamjatoka nyumbani pigeni simu hospitali muulize kama mashine ya picha ya taya zima inafanya kazi siku hiyo. Konde ya kaskazini mpaka Mkoani ya kusini ni kisiwa kizima, si safari ya kubahatisha.

GegoSaba

Nakubaliana na TabibuKinywa kuhusu kulia. Ila ningependa lile la mwongozo wa Uingereza lisomwe kwa tahadhari, kwa faida ya wengine watakaopita hapa wakiwa na jino lililolala lakini halijauma.

Huko kwao, baada ya kuacha kung'oa mapema, madaktari walianza kupokea watu wa miaka 30 na zaidi ambao la nane halikuwauma hata siku moja, lakini mgongo wa la saba umeoza mpaka kwenye kiini. Jino la nane lililochomoza nusu na kuegemea mbele hutengeneza pembe baina yake na la saba, chakula hukaa humo, na mahali hapo hapazibiki vizuri kwa kuwa kifaa hakifiki. Mwisho wake mtu hupoteza meno mawili, na la saba ndilo gego la kutafunia. Marekani kwa upande wao huelekea zaidi kung'oa mapema. Mimi nasimama katikati: lililochomoza nusu na limeegemea la saba, hata kama haliumi, lipigwe picha na kujadiliwa kabla ya miaka 25. Likiachwa, liangaliwe kila mwaka, na la saba lipigwe picha kila baada ya mwaka mmoja au miwili.

Lililozama kabisa chini ya mfupa, kama lile la kushoto la mdogo wako, ni kesi nyengine. Halijafungua njia ya bakteria, basi halina haraka. Kulitoa ni kuchonga mfupa mwingi na kuukaribia mshipa bila ugonjwa wowote wa kuutibu. Picha ikionyesha liko salama, liachwe, lipigwe picha tena baada ya miaka miwili hivi. Hapa sikubaliani na daktari aliyesema yote manne. Ningelikubali kama angelazwa usingizi mzito na picha ikaonyesha kushoto kuna kasoro, maana si busara kumlaza mtu mara mbili. Kwa sindano ya ganzi, pande zote mbili kwa siku moja ni kumfanya asipate hata upande wa kutafunia.

Jambo la kukumbuka: uvimbe wa taya usiouma unaokua polepole usisubiriwe. Kuna uvimbe unaoitwa ameloblastoma unaopenda kuanzia hapo hapo kwenye magego ya mwisho ya chini, na hula mfupa kimya kimya.

MuuguziMeno

Wengi hawaharibikiwi kitini, huharibikiwa nyumbani, kwa hiyo nitakaa zaidi hapa.

Siku ya kazi, kama ni ganzi ya sindano tu, ale vizuri kabla. Njaa na khofu pamoja ndiyo inayowazimisha watu kwenye kiti. Aje na mtu. (Kama atalazwa usingizi ni kinyume chake: asile kitu kwa muda wa saa 6 kabla ya kazi, na maji matupu asiyanywe kwa muda wa saa 2 kabla.)

Akimaliza, anauma kitambaa cha gozi, yaani shashi ya hospitali, kwa dakika 30 mpaka 45 bila kukitoa kuchungulia. Damu ikiendelea, gozi jipya lililoloweshwa na kukamuliwa, dakika 30 tena, kwa nguvu. Mate mekundu mpaka kesho yake ni kawaida. Barafu ndani ya kitambaa shavuni, dakika 15 kuweka na 15 kutoa, siku ya kwanza tu. Uvimbe hufika kilele siku ya pili mpaka ya tatu, kisha hushuka, kwa hiyo msishtuke akiamka siku ya pili shavu limezidi kuliko jana.

Maumivu yatangulieni, msiyangoje. Kidonge cha kwanza anywe kabla ganzi haijaisha. Mtu mzima asiye na vidonda vya tumbo, ugonjwa wa figo, pumu inayochochewa na dawa hizo wala mimba: ibuprofeni miligramu 400 kila baada ya saa 8 pamoja na chakula, na parasetamoli gramu 1 kila baada ya saa 6, isizidi gramu 4 kwa siku. Mbili hizo kwa pamoja zinatuliza vizuri sana. Aspirini aache, inazuia damu kuganda, na kuiweka juu ya ufizi kunauchoma mpaka unakuwa mweupe.

Kila kitu sasa kinategemea donge la damu lililomo ndani ya tundu. Likitoka kabla ya wakati, mfupa unabaki wazi. Siku ya kwanza asisukutue, asiteme mate kwa nguvu, asinyonye kitu. Dafu anywe kwa kikombe, mrija asiuguse kwa wiki nzima. Udhu usimtie wasiwasi: kusukutua katika madhehebu yetu ya Shafii ni sunna, anaweza kukuacha siku hiyo, na baadaye atie maji kinywani aache yaanguke yenyewe. Baada ya saa 24 aanze maji ya vuguvugu, nusu kijiko cha chai cha chumvi kwa gilasi moja, kila baada ya kula, kwa kugeuza kichwa polepole bila kusukuma mashavu.

Chakula: uji uliopoa, mtindi, ndizi mbivu ya kuponda, supu ya vuguvugu, wali laini kuanzia siku ya pili. Urojo na pilipili yake ungoje, na zile bagia na chipsi zake zinazokwaruza pia. Pweza asahau kwa wiki mbili. Sigara, shisha, ugoro na tambuu ni marufuku kwa wiki nzima angalau. Uvutaji ni miongoni mwa mambo makubwa yanayoleta tundu kavu. Vidonge vya uzazi wa mpango pia huongeza khatari hiyo, basi kama anatumia amwambie daktari bila ya haya, na ni bora aulizwe akiwa peke yake.

Tundu kavu mtalijua hivi: maumivu yalikuwa yanapungua, halafu siku ya tatu au ya nne yanarudi kwa kishindo, yanapanda sikioni, kinywa kinanuka, na tundu ni tupu likionyesha mfupa. Homa hakuna, usaha hakuna. Antibayotiki haitibu hali hiyo. Arudi akaoshwe tundu na kuwekewa dawa, na hapo ndipo karafuu inapoingia: dawa inayowekwa mara nyingi ina eujenoli, ambayo ndiyo sehemu kubwa ya mafuta ya karafuu. Nafuu huja ndani ya saa moja, na kidonda hujaza chenyewe wiki moja mpaka mbili.

Lakini chupa ya nyumbani ni jambo jengine. Mafuta ya karafuu yanayotengenezwa huku Pemba, hata ya makonyo (vikonyo vya karafuu), ni makali mno. Tone moja juu ya pamba, ndani ya tundu la jino lililooza, linatuliza kwa muda. Juu ya ufizi uliovimba au kidonda kibichi yanaunguza nyama na kuchelewesha kupona. Na chupa iwekwe mbali na watoto, kwa sababu mtoto akiyanywa yanadhuru ini.

Kwa sasa, kabla ya kung'oa, mpeni mswaki wenye kichwa kidogo, wa mtoto. Akipiga la nane afunge kinywa nusu. Kinywa kikiwa wazi sana shavu hukaza na mswaki haupenyi, kikiwa nusu shavu hulegea. Msuwaki wa mti ni mzuri kwa meno ya mbele, ila mgongo wa la nane haufiki.

MwanaKonde

Mwenyezi Mungu awajaze kheri nyote. Imenibakia mambo mawili. Kama picha ikaonyesha mizizi imegusana na mfereji, ndiyo mwisho wa habari, liachwe na uvimbe wake? Na la Ramadhani: tufanye kabla, ndani, au baada?

TabibuKinywa

La, haliachwi. Kwanza uwiano wenyewe: ganzi ya muda ya mdomo au kidevu huwapata wachache katika kila mia, na ya kudumu ni chini ya mmoja katika mia kwa magego ya kawaida. Mizizi inapogusana na mfereji uwezekano huongezeka, na hapo kuna njia ya kukata kichwa cha jino na kuacha mizizi ndani ya mfupa, inaitwa koronektomi. Mfupa huifunika mizizi, ugonjwa wa ufizi unaisha kwa kuwa kilichokuwa kinausababisha ni kichwa. Sharti ni jino liwe hai, halijaoza mpaka ndani, na mizizi isiwe imelegea wakati wa kukata. Mara nyengine mizizi hupanda polepole baada ya miaka, na wachache huhitaji kurudi kuitoa, ila huwa imeshasogea mbali na mshipa.

Kuna na mshipa wa ulimi, unaopita upande wa ndani wa taya. Huo hauonekani kwenye eksirei, unalindwa na mkono wa daktari tu. Ganzi ya sindano kwa kawaida huisha ndani ya saa 3 mpaka 5. Kesho yake mdomo au nusu ya ulimi ukiwa bado umekufa, mpigieni daktari siku hiyo hiyo aandike na kupima eneo. Wengi hurudi hali ya kawaida ndani ya wiki au miezi kadhaa.

Pemba au Unguja itategemea picha. Mizizi ikiwa mbali na mfereji, daktari wa meno mwenye uzoefu wa upasuaji mdogo wa kinywa na vifaa nilivyovitaja anaweza kuifanya Pemba. Dalili zile tatu zikionekana, ombeni rufaa hospitali ya Mnazi Mmoja, Unguja, na wao wakiona haja watawapeleka Muhimbili. Mkivuka, asirudi na boti siku ile ile. Bahari ikichafuka akatapika, donge la damu halitasalimika. Siku mbili tatu za kukaa Unguja zitoshe, na uzi wa kuyeyuka utamuepusha safari ya pili ya kutoa nyuzi.

Ramadhani: kabla, kwa wiki mbili angalau, au baada ya Idi. Sindano ya ganzi yenyewe wanazuoni wengi hawaoni kuwa inafunguza, tatizo ni damu kumezwa, na kidonda hutoa damu mpaka siku ya pili. Halafu dawa: baina ya futari na daku kuna takriban saa 10 na nusu, haziwezi kuingia dozi za kila saa 6 wala 8 kama zinavyotakiwa. Likimvimba katikati ya mfungo, hilo halingoji. Mgonjwa ana ruhusa ya kula na kulipa, na sheikh wenu atawaeleza zaidi.

MuuguziMeno

Kabla hatujafunga, hizi ziandikwe na zibandikwe jikoni, kwa sasa na baada ya kung'olewa. Uvimbe umeshuka chini ya taya au shingoni, sakafu ya kinywa imepanda na ulimi unasukumwa juu, anashindwa kumeza hata mate yake, sauti imebadilika, anapumua kwa taabu, au homa juu ya nyuzi 38 pamoja na kinywa kufunguka chini ya vidole viwili. Yoyote kati ya hizo ni hospitali usiku huo huo, iliyo karibu, msingoje daktari wa meno wala kukuche. Akae kitako njiani, asilazwe chali.

Na damu inayojaa kinywani baada ya gozi mbili za dakika 30 nayo ni hivyo hivyo. Chukueni gozi la akiba pale pale hospitali kabla ya kuondoka, msitumie pamba, nyuzi zake hunasa kwenye kidonda.